Nyuma ya Kaunta: Wanawake wa Kihindi, Kutoka Unguja Hadi Ziwa Albert

Katika vitabu vya historia ya biashara ya ukanda wetu, Mhindi ni mwanamume. Taria Topan anamkopesha Tippu Tip fedha za misafara ya pembe za ndovu. Allidina Visram anafungua duka baada ya duka, kutoka Bagamoyo na Mombasa hadi Kampala na kingo za Nile. Vibarua wa Punjab wanatandaza reli. Mama zao, wake zao na binti zao wanapewa nusu sentensi, tena ya kusema tu kwamba familia zilifuata baadaye.

Nusu sentensi hiyo inafunika mambo mengi mno. Ninavyoona mimi, Wahindi hawakuwa jamii ya Afrika Mashariki siku jahazi la kwanza lilipotia nanga Unguja, wala siku gari-moshi lilipofika Kisumu. Walikuwa wageni wenye biashara. Jamii ilianza pale wanawake walipofika, wakawasha moto, wakazaa, wakauza dukani, wakafiwa na kukaa matanga katika ardhi hii. Na pale walipofika wachache sana, kama hapa Ituri, mashariki ya Kongo, uchache wao nao ulizaa historia yake, na mzigo wa historia hiyo ukabebwa na mama zetu wenyewe. Ndiyo maana mtu wa Bunia ana haki ya kuuliza habari za wanawake wa Kihindi, hata kama bibi yake hakuwahi kuvaa sari.

Kwanza tuone mji huu wa Bunia uliunganikaje na Bahari ya Hindi. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na machimbo ya Kilo na Moto yakaanza kula watu na bidhaa: majembe, chumvi, blanketi, vitambaa, mafuta ya taa. Sehemu kubwa ya shehena hizo haikupanda mto Kongo kutoka magharibi. Ilishuka melini Mombasa, ikapanda reli hadi Kisumu, ikavuka Ziwa Victoria, ikapita Jinja na Namasagali, ikavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, ikaenda kwa barabara hadi Butiaba, kisha ikapakiwa kwenye meli za Ziwa Albert na kuteremshwa Kasenyi au Mahagi. Meli Robert Coryndon ilifanya kazi hiyo tangu 1930 hadi mafuriko ya mwanzo wa miaka ya 1960 yalipoiharibu bandari ya Butiaba na meli yenyewe ikazama. Katika kila kituo cha njia hiyo ndefu palikuwa na duka la Mhindi, na nyuma ya karibu kila duka, upande wa Uganda, palikuwa na jiko.

Kabla ya dhahabu kulikuwa na pembe. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyoingia msitu wa Ituri katika nusu ya pili ya karne ya 19, na ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo iliyotuletea lugha hii, ilitembea kwa mikopo iliyotoka Unguja, na wakopeshaji wakubwa walikuwa Wahindi. Kwa hiyo tuanze na nyumba zao za Unguja.

Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja, aliwakaribisha wafanyabiashara kutoka Kutch, Kathiawar na Gujarat. Walikuja kwa makundi, na makundi hayo hayakuwa na desturi moja kuhusu wanawake. Khoja na Bohora, Waislamu wa Kishia, walileta wake na watoto mapema. Bhatia, Wahindu wenye mitaji mikubwa waliokodi forodha ya Sultani, walikuja peke yao. Kwao kuvuka bahari kulimtia mtu unajisi, na mwanamume aliweza kujitakasa akirudi. Mwanamke hakupewa nafasi hiyo. Balozi wa Uingereza, Christopher Rigby, aliiona tofauti hii tayari mnamo 1860. Bhatia aliishi miaka kadhaa Unguja, akarudi Kutch kuoa au kumwona mwanawe, akarudi tena. Mke wake aliishi ndoa ya barua.

Watu hulichukulia jambo hili kama habari ya dini tu. Mimi naliona kama chanzo cha tofauti ya kisiasa iliyodumu zaidi ya miaka mia. Khoja aliyekuwa na mke na watoto Unguja alihitaji mahali pa kusalia, makaburi, shule, mkunga, mahakama ya ndoa na talaka. Mwaka 1905 Waismailia wa Unguja, tawi kubwa la Khoja, walipata katiba yao ya jumuiya kutoka kwa imamu wao, Aga Khan wa Tatu, na mwaka huohuo shule yao ya kwanza katika Afrika Mashariki ikafunguliwa. Vyombo hivyo havikujengwa kwa ajili ya wachuuzi wanaopita. Vilijengwa kwa sababu kulikuwa na wanawake wanaozaa, wanaoachika, wanaorithi na wanaogombana juu ya mahari. Wahindu walifuata mkondo huo baadaye, wake zao walipoanza kuvuka bahari kuelekea mwisho wa karne ya 19.

Mjane wa Taria Topan anatuonyesha mahali mwanamke wa tabaka la juu aliposimama. Topan alifariki mwaka 1891, akiacha jengo kubwa la hospitali, mbele ya bandari ya Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1887 kwa heshima ya jubilii ya Malkia Victoria. Mali ilibaki mikononi mwa mjane wake, Janbai, naye ndiye aliyekuja kuliuza jengo hilo ambalo leo watalii huliita Zahanati ya Zamani. Wapigapicha huchukua roshani zake za mbao, waongozaji hutaja jina la mume, na mwanamke aliyeshika hati hatajwi.

Lakini wengi hawakuwa kina Janbai. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga Reli ya Uganda. Karibu 2,500 walikufa, na karibu 6,700 walibaki baada ya mkataba kwisha. Hao waliobaki, karibu wote wanaume, ndio walioandika nyumbani kuita wake, au kuomba wazazi wawatafutie wachumba. Msichana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano alipanda meli Bombay au Porbandar kumfuata mume ambaye pengine alimwona mara moja tu, siku ya harusi. Alisafiri sitahani, akapika chakula chake mwenyewe kwenye jiko la makaa, akashuka Mombasa na kuambiwa kwamba safari ndiyo kwanza inaanza: bado Nairobi, bado Kisumu, bado mtaa fulani wa bati huko Busoga au Bunyoro ambako nyumba ya Mhindi ilikuwa moja tu.

Idadi inaonyesha kilichofuata. Sensa ya 1948 iliwakuta Waasia 97,687 Kenya na 35,215 Uganda. Ile ya 1959 nchini Uganda ikawakuta 71,933, na ile ya 1962 nchini Kenya 176,613. Ongezeko la namna hiyo halitokani na wahamiaji peke yao. Kufikia miaka hiyo wengi walikuwa wamezaliwa hapa, na mama waliowazaa wengine walikuwa wamezaliwa hapa pia.

Sasa tuingie dukani, maana hapo ndipo hoja yangu iliposimama. Kwa muda mrefu watu wameuliza Mhindi aliwezaje kuuza bei ndogo kuliko Mzungu, na kubaki katika vijiji ambako kampuni kubwa zilishindwa. Majibu ya kawaida ni ubahili, ujanja, au undugu wa wakopeshaji. Undugu ulikuwapo: muuzaji wa jumla wa Mombasa alimkopesha ndugu wa Kampala, naye akamkopesha binamu wa Masindi. Lakini kuna jibu jingine lililo wazi zaidi. Duka dogo la bara halikulipa mishahara. Mke alifungua mlango asubuhi mume akiwa safarini kununua pamba au ngozi. Alipima chumvi na sukari, alikata vitambaa, alikaa kwenye cherehani barazani akishona kaptura na magauni. Alijua nani anadaiwa nini hata kama daftari liliandikwa na mwanamume. Aliwapikia mume, watoto, shemeji wawili na mpwa aliyeletwa kujifunza kazi, ambaye naye hakulipwa zaidi ya chakula na malazi. Na wateja wengi wa vitambaa walikuwa wanawake, waliopenda kuhudumiwa na mwanamke mwenzao; hapo ndipo mama wa duka alipojifunza Kiswahili, Kiganda, Runyoro au Kialur, mara nyingi kuliko mumewe.

Wakoloni walipohesabu watu na kazi zao, mama huyu aliandikwa kuwa hana kazi. Wanahistoria wengi wakanakili. Ukitoa jasho lake katika hesabu, faida ya duka inaonekana kama miujiza. Ukilirudisha, miujiza inakwisha. Mtaji wa kwanza wa biashara ya Kihindi bara ulikuwa kazi ya wanawake isiyolipwa, nami sioni namna ya kuieleza biashara hiyo bila kuanzia hapo.

Haki inataka tuseme na upande wa pili. Mwafrika aliyetaka kufungua duka kando ya lile la Mhindi alikuwa na mke mchapakazi vilevile. Alichokosa ni mkopo. Sheria za kikoloni, kama zile za Kenya na Tanganyika, ziliwabana waliotaka kuwakopesha Waafrika kwa kuwanyima haki ya kudai deni mahakamani, na mitandao ya ukoo wa Kihindi haikufunguka kwa asiye wa ukoo. Mke wa Mhindi alinyonywa ndani ya nyumba, na papo hapo nyumba hiyo ilikuwa na nafasi ambayo jirani yake Mwafrika alifungiwa. Mambo yote mawili ni kweli, na anayesimulia moja tu anaipunja historia.

Katika familia zilizostawi, mambo hayo mawili yalionekana jikoni. Mume alipohamia Kampala, Nairobi au Dar es Salaam na duka likawa ghala, mke alitoka kwenye kaunta, na kazi ya mikono ikahamia kwa yaya na mpishi Mwafrika. Binti wa Kihindi aliweza kusoma hadi sekondari kwa sababu msichana mwingine, wa rika lake, alikuwa akifua nguo zake. Mahusiano ya nyumba hizo yalikuwa ya karibu na ya matabaka kwa wakati mmoja: watoto walilelewa kwa Kiswahili cha yaya, lakini yaya alikula kwa sahani yake mwenyewe, na mara nyingi alilala nyuma ya ua. Jikoni humo ndimo mapishi yalimoanza kutembea. Chapati, sambusa, chai ya maziwa yenye tangawizi: mpishi alijifunza kwa mama wa nyumba, akamfundisha mkewe, mke akapika akauza kituo cha magari. Leo chapati inakandwa alfajiri katika mitaa ya Bunia, Nyakasanza na Mudzipela na kwingine, na hakuna anayeiona ngeni. Wanaume walileta bati, vitambaa na mizani. Chapati ililetwa na wanawake, na ndiyo iliyobaki hata pale maduka yalipochukuliwa.

Mabadiliko ya ndani ya jamii hizo hayakwenda sawa. Kwa Waismailia yalitoka juu: Aga Khan wa Tatu alisisitiza elimu ya wasichana, na mwaka 1952 akawaelekeza wanawake wa Afrika Mashariki waache pachedi, shuka walilojifunika, wavae gauni. Wengi walitii ndani ya muda mfupi. Naheshimu matokeo yake, maana wasichana wa Kiismailia walijikuta ofisini na vyuoni kizazi kizima kabla ya wenzao, ila tusisahau kwamba vazi la mwanamke liliamuliwa tena na mwanamume. Kwa Wahindu wa tabaka za juu, mjane kijana bado alivaa nyeupe na hakuolewa tena. Kwa Masingasinga na familia za Arya Samaj, Wahindu wanamageuzi, shule za wasichana ziliendeshwa kwa michango ya jumuiya.

Siasa nayo iliingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Januari 1924, miezi michache tu baada ya serikali ya Uingereza kuwanyima Wahindi wa Kenya usawa na walowezi, mkutano wa East African Indian National Congress ulifanyika Mombasa, na aliyeketi kiti cha mwenyekiti alikuwa mwanamke: Sarojini Naidu, mshairi na mpigania uhuru kutoka India. Mwaka uliofuata akawa rais wa Indian National Congress nyumbani kwao. Wanaume wa Nairobi na Mombasa, ambao wengi hawakuruhusu wake zao kuhudhuria mkutano wa hadhara, walimpigia makofi mwanamke aliyewaongoza.

Aliyefanya jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni Sophia Mustafa. Alizaliwa India mwaka 1922, akakulia Kenya, akaolewa na wakili wa Arusha. Mwaka 1958 Tanganyika ilifanya uchaguzi kwa utaratibu wa ajabu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Waingereza walidhani hivyo wataidhoofisha TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru. Katika mkutano wa Tabora, Januari mwaka huo, Nyerere aliwashawishi wenzake waingie kwenye uchaguzi na kuwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu wanaokubaliana na uhuru. Sophia Mustafa akasimama Jimbo la Kaskazini kwa kiti cha Mwasia na kushinda, akiungwa mkono na TANU. Maana yake ni kwamba wakulima na wafanyakazi Waafrika walimpigia kura mwanamke wa Kihindi awasemee katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1961 alitoa kitabu kuhusu siasa za miaka hiyo, The Tanganyika Way, akabaki bungeni hadi 1965. Pale Dar es Salaam, Urmila Jhaveri, mzaliwa wa Pemba, alifanya kazi bega kwa bega na wanawake wa TANU na baadaye wa UWT, umoja wa wanawake wa nchi hiyo. Uganda, Sugra Visram, aliyeolewa na mjukuu wa Allidina Visram, alizungumza Kiganda kwa ufasaha, akavaa gomesi, akaingia bunge la uhuru mwaka 1962 kwa tiketi ya chama cha Kabaka Yekka. Ukoo ambao historia inaukumbuka kwa maduka ulitoa mbunge, na mbunge huyo alikuwa mkamwana.

Tuvuke ziwa sasa turudi Ituri, maana huku mambo yalikuwa mengine. Ituri haikupokea vibarua wa reli. Biashara ya miji ya mashariki ya Kongo ya Wabelgiji ilishikwa na Wagiriki, Wareno na Wabelgiji wenyewe, pamoja na Wahindi waliotoka Uganda, Tanganyika na Unguja. Jamii ya Kihindi ilikuwa ndogo, bila shule yake wala mkunga wake, na mfanyabiashara mwenye uwezo alimwacha mke upande wa Waingereza ambako watoto walisoma. Alivuka kwenda kazini kama Bhatia wa Unguja alivyovuka bahari miaka mia iliyotangulia.

Mwanamume aliyeishi peke yake katika mji mdogo wa bara, Uganda, Tanganyika au Kongo, mara nyingi aliishi na mwanamke wa mahali hapo. Mwanamke huyo alipika, alifagia, alikaa dukani, alimtafsiria mambo ya wateja, alizaa. Alifanya kazi ileile ya mama wa Kihindi niliyoieleza juu, bila ndoa iliyotambuliwa na jumuiya ya mume na bila haki ya kurithi hata mizani. Mke wa nyumbani alipofika, au mume alipohama, alirudishwa kwao. Watoto waliitwa chotara, na hatima yao ilitegemea huruma ya baba: kuna waliochukuliwa, wakapewa majina ya Kiislamu na kulelewa na mama wa kambo, na kuna waliobaki kwa wajomba. Sheria za Waingereza katika makoloni kadhaa ziliangalia namna mtoto alivyoishi, si damu yake tu: aliyelelewa kijijini alihesabiwa mzalendo, na ukoo wa baba ukafutika katika karatasi.

Linganisha na watoto wa Wazungu. Dola ya Wabelgiji iliwaogopa machotara wa baba Mzungu hata ikawanyang'anya mikononi mwa mama zao na kuwafungia kwenye misheni. Uovu huo uliacha mafaili. Kwa hiyo waziri mkuu wa Ubelgiji aliweza kuomba radhi bungeni tarehe 4 Aprili 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels ikaamua, katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa Kongo wakiwa wadogo, kwamba lilikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, na kuamuru walipwe fidia. Mtoto wa Mhindi na mama wa Ituri hakuwa na hatari yoyote machoni pa dola, basi hakuandikwa faili. Hakuna wa kumwomba radhi, na mama yake hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuishi katika nyumba ile. Ninamweka mwanamke huyo ndani ya historia ya wanawake wa Kihindi kwa makusudi. Yeye na mke aliyeachwa ng'ambo ya ziwa walibeba pande mbili za biashara moja.

Kisha yakaja mafukuzo, na hapo tena wanawake waliumia kwa namna yao. Unguja, Septemba 1970, wasichana wanne wa asili ya Kiajemi, Washia wa Ithnaasheri, waliozwa kwa nguvu kwa wajumbe wa Baraza la Mapinduzi. Hofu ikasambaa katika kila nyumba ya Waasia yenye binti. Tanzania ilitaifisha majumba mwaka 1971. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Karibu 28,000 waliingia Uingereza. Novemba 30, 1973, Mobutu alitangaza hapa kwetu kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa Wazaire, na maduka ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yakapata wamiliki wapya ambao wengi hawakujua hata bei ya kununulia. Katika miaka hiyohiyo ziwa letu lilibandikwa jina la Mobutu.

Kuhusu 1972 watu hukumbuka masanduku na uwanja wa ndege wa Entebbe. Mimi nakumbuka pasipoti. Ndani ya familia moja mume angeweza kuwa raia wa Uganda aliyefutiwa uraia, mke akawa na pasipoti ya Uingereza. Wanaume wasio na nchi walipelekwa kwenye kambi za Ulaya, Austria na Italia zikiwamo, huku wake zao wakiwa Uingereza, na serikali ya Uingereza ikakataa kwa muda kuwaruhusu waume hao kuwafuata, kwa hoja kwamba mke humfuata mume, si mume kumfuata mke. Utaratibu wa vibali wa tangu 1968 nao ulimtambua mkuu wa kaya tu, na mkuu wa kaya alikuwa mwanamume. Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilishughulikia kesi za Waasia wa Afrika Mashariki na mwaka 1973 ikaona ubaguzi wazi. Mwaka 1985 Mahakama ya Ulaya ikaamua kesi nyingine, ambamo mmoja wa walalamikaji alikuwa mwanamke wa asili ya Kihindi mzaliwa wa Malawi aliyezuiwa kuishi na mumewe Uingereza, na ikasema kwamba sheria ilimbagua kwa jinsia yake. Mwanamke aliyezaliwa Afrika alisaidia kubadilisha sheria za Ulaya, na sisi hatuwafundishi watoto wetu habari hiyo.

Wala wanawake wa Kihindi waliotoka huku hawakunyamaza viwandani. Jayaben Desai alitoka Gujarat akaenda Tanganyika kwa mumewe katika miaka ya 1950, akahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Agosti 1976 alitoka kazini katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London, na kuongoza mgomo uliodumu karibu miaka miwili. Wengi wa waliogoma naye walikuwa wanawake wa Kihindi wa Afrika Mashariki. Mgomo ulishindwa, lakini vyama vya wafanyakazi vya Uingereza havikuweza tena kudai kwamba wanawake hao ni wapole. Mtu aliyekaa miaka mingi dukani bila mshahara anajua thamani ya saa moja ya kazi.

Leo mtu wa Kivu akisikia habari za mwanamke wa Kihindi, pengine anamkumbuka askari wa kofia ya buluu. Meja Radhika Sen aliongoza kikosi cha MONUSCO Kivu Kaskazini kilichokutana na wanawake na vijana vijijini, na mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ukampa tuzo yake ya mtetezi wa jinsia jeshini. Ni sura nzuri, lakini ni ya mgeni mwenye tarehe ya kurudi. Historia niliyoieleza ni ya watu waliokaa.

Na historia hiyo hapa kwetu iko karibu kupotea. Vita vya 1999 hadi 2003 viliteketeza mengi ya mji huu. Mei 2003 ofisi, maduka na nyumba ziliporwa, na karatasi zikaenda pamoja na mabati. Kilichobaki kiko vichwani mwa wanawake wenye miaka themanini na zaidi, huku Bunia, Kasenyi, Mahagi na Aru, na ng'ambo Arua, Hoima na Masindi. Vyuo tunavyo: Université de Bunia na Université Shalom zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Ningeomba walimu wao wawatume kwa bibi hawa badala ya kuwaacha wanakili kwa mara ya ishirini sura ileile ya Stanley na Emin Pasha. Waulize nani alishona nguo za wachimbaji wa Kilo, nani alikaa dukani mwenye duka alipokwenda Kampala, watoto wake wako wapi.

Nawe msomaji, ukiwa na picha ya zamani, barua, cheti cha ndoa au kikwembe kilichonunuliwa katika duka la wakati huo, uwe Mhema, Mlendu, Mwalur, Mhindi au chotara, andika nyuma yake majina ya watu, mahali na mwaka, kisha peleka nakala chuoni. Fanya hivyo mwenye kumbukumbu hizo akiwa bado hai.